Doa Jeupe Nyuma ya Chozi

Kaka,

Salamu jijazie mwenyewe, leo sina.

Ile kamera uliyonitumia naanza kuizoea. Mwanzoni nilikuwa napiga matawi matupu, maana ndege hawa wadogo ukipepesa macho tu wamesharuka. Juzi, nikiwa bustanini, nikamnasa chozi akinyonya ua mbele ya dirisha la chumbani. Nikakutumia picha, ukamsifia mpaka kucha. Kisha ukaandika: "Likate hilo doa jeupe nyuma yake, linaharibu picha."

Doa! Yule ni mama, kaka, amekaa kitandani na shuka lake, amebaki mifupa. Kila nikikwambia anaumwa, unasema nakuza mambo.

Haya, leo nimekuza kweli. Picha ndiyo hiyo. Mtazame, halafu uniambie tena nimkate.

Mdogo wako