Hulda Anataka Kusoma Wimbo, Si Kusomewa

...na ndiyo maana, Mama Kageha, ulipojibu barua yangu ya kwanza ya kuomba ushauri ukaniambia nipunguze kumsifu mume wangu Nicanor niseme shida yangu, nilicheka mpaka chai ikamwagika, kwa sababu shida yenyewe ni Nicanor. Bado ananipigia mdundo begani nikisonga ugali, bado anaimba akinyoa ndevu mpaka majirani hapa Langas wanamwitikia, na mimi nikisikia lango likifunguka moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Lakini tunaishi na Hulda, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye haoni tangu kuzaliwa, yuko darasa la saba katika shule ile ile ambako Nicanor anafundisha muziki, na masomo mengine anayasoma kwa breli kuwashinda wenye macho, ila saa ya muziki ikifika mume wangu anaandika solfa, zile do-re-mi, ubaoni, wanafunzi wengine wanasoma, na Hulda anangoja aimbiwe. Mwalimu Kimeli anayemfundisha breli anasema muziki yeye haujui. Mwaka ujao ni mtihani wa darasa la nane wa mfumo wa 8-4-4, na muziki umo.

Juzi Hulda alisema, "Anko, wenzangu wanausoma wimbo, mimi nasomewa."

Mpenzi wangu akamjibu kwa upole wake wote, "Wewe Mungu amekupa sikio. Ubao wa nini?"

Tangu siku hiyo mtoto hagusi tena kinanda cha kanisa alichozoea kupiga. Nami naogopa kusema, kwa maana bibi harusi wa jana akimsahihisha mwalimu wa muziki kuhusu muziki, mama mkwe atasemaje? Basi nikachukua kadi za harusi zilizobaki, ngumu na nzuri, nikanakili nukta za breli kutoka vitabu vya Hulda, nikabonyeza solfa ya wimbo mzima kwa sindano yangu ya krosheti. Hulda alipapasa, akapapasa tena, akaangua kicheko. "Anti, wimbo wako unatembea kinyumenyume!"

Nifanyeje, Mama, mtoto afundishwe bila mimi kuharibu nyumba ambayo hata rangi haijakauka?

Bibi Harusi, Langas, Eldoret

*

Mwanangu Bibi Harusi,

Pole, na hongera kwa krosheti. Nukta hubonyezwa upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo mwandishi huanzia kulia ili msomaji aanzie kushoto. Wewe ulianzia kushoto kama mwenye macho, karatasi ikageuzwa, wimbo ukaanza na amina. Hilo nimekusamehe. Ninalokukemea ni kukesha na sindano ili ukwepe kusema neno moja kwa mwanamume anayekupenda hivyo.

Sikio la Hulda ni zuri, sikatai. La Nicanor pia ni zuri, mbona hajavigawa vitabu vyake vya nyimbo abaki na sikio tu? Mwulize hivyo hivyo ukimmiminia chai. Mama mkwe niachie mimi.

Halafu jua kwamba muziki una breli yake, inayoonyesha sauti na urefu wa kila noti. Si herufi za solfa ulizonakili. Kimeli anajua nukta hajui muziki, Nicanor anajua muziki hajui nukta, na wewe hujui chochote kati ya hivyo viwili, lakini mdomo unao. Waalike wote Jumamosi. Wasitoke mezani kabla ya kukubaliana kwenda pamoja kwa mwalimu mkuu kuomba shule iagize kitabu cha muziki wa breli. Kikifika, Hulda amfundishe anko wake nukta, naye amfundishe noti. Nicanor akinuna kufundishwa na mtoto, mpigie mdundo begani.

Wakati mnangoja, nimemwomba Opiyo, mpiga kinanda asiyeona wa kanisa letu, aandike kwa breli hiyo ya muziki mstari mmoja wa wimbo na maelezo yake. Nimekutumia pamoja na jibu hili, na unaanzia kushoto.

Mwezi huu hautaisha kabla sijafika Langas. Sitaki Nicanor aniimbie, hata kama majirani wataitikia. Nitaketi karibu na kinanda cha kanisa nimwone Hulda, mkono wa kushoto ukisoma ule mstari, wa kulia ukiupiga, bila mtu kumwimbia kwanza.

Mama Kageha