Saluti ya Mzee Ildephonse Birindwa

Mwaka umetimia, Mzee Ildephonse, tangu asubuhi ile ya theluji ulipotutoka hapa ughaibuni, mjini New Hope, shati lako la kazi likiwa limetundikwa, limeshapigwa pasi.

Wewe ulipiga pasi hata shati la kupakia masanduku ghalani kule Plymouth. Ulipangusa theluji kwenye gari la jirani kabla ya letu, wala hukumwambia. Juzi ametuuliza ni nani alikuwa akifanya vile.

Ukishashiba ugali ulitusimulia upolisi wa kwetu. Uliingia jandarma, polisi wa kijeshi, enzi za Zaire, ukaona kikosi kingine, Garde Civile, kikiundwa pembeni yenu, baadaye mkawa Police Nationale, amri ikitoka Kinshasa hadi kwenye komisaria yenu, kituo cha polisi cha Bukavu. "Majina matatu," ulisema, "buti zile zile, na mshahara haufiki." Hapa ulishangaa kila mji kuwa na polisi wake. "Nchi kubwa hivi haina jenerali mmoja? Raia akionewa anamlilia nani?"

Ndiyo maana ulimnyima baraka mjukuu wako Héritière, aliyekuwa anamaliza masomo ya upolisi. Naye akasema bila mkono wako kichwani hataapa. Mkakaa miezi mkisalimiana tu.

Kisha Jumapili moja, tukitoka kanisani Burnsville, askari akatusimamisha njiani kwa taa ya nyuma iliyokufa. Mwanao Janvier ndiye aliyekuwa anaendesha. Wewe ukafungua mlango, ukashuka, ukasimama wima na kupiga saluti, maana kwetu kubaki umekaa mbele ya afande ni dharau. Lakini hapa anayeshuka garini huhesabiwa tishio: askari akashika bastola, akapaza sauti ubaki ulipo. Ukadhani hajaiona saluti, ukaipiga tena.

"Babu, please, usisogee!" Héritière alisema, mikono yake miwili ikiwa nje ya dirisha. Akamweleza askari kwa Kiingereza, polepole, kwamba huyu ni babu yake, alikuwa polisi, na anamsalimu. Askari akaondoa mkono kwenye bastola.

Jioni ulimwita Héritière.

"Leo ningekufa kwa sababu ya adabu," ulimwambia. "Wewe unajua lugha yao na salamu zetu. Nenda. Lakini ukimwonea mtu, nitafufuka nikuvue cheo."

"Cheo gani, Babu? Naanzia chini kabisa."

"Hicho hicho cha chini."

Ukamwekea mkono kichwani.

Ameapa mwezi uliopita. Beji ulipaswa kumvisha wewe. Mkeo Bernardine ndiye aliyemvisha.

Tumechoka, mzee, hatukufichi. Zamani tuliogopa askari akigonga mlango. Sasa tunamngoja mmoja arudi, na mpaka tusikie ufunguo wake chakula hakishuki.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bernardine, mwanao Janvier, mkweo Uwamariya, na mjukuu wako Héritière, ambaye hayupo mezani tunapoandika haya, yuko kazini. Siku zote tulizobakiwa nazo, tutakukumbuka.