Jina Lako kwenye Mifupa ya Ndege Wawili

Yaya Monga, kaka yangu mkubwa,

Wamekupa ndege. Nakuandikia ili usisikie kwa mtu mwingine: ndege huyo hakuwahi kuishi.

Ilitangazwa siku ya kuondoa matanga. Pombe ilikuwa imeshamwagwa, mpwa wako ameketishwa kwenye mkeka apokee jina lako kama desturi inavyotaka. Ndipo akasimama mwenzako wa ofisi kule chuo kikuu cha Kasapa, yule mliyegawana kabati la mifupa ya kale. Akasema jina lako halitabaki kwa mpwa peke yake, litakwenda dunia nzima. Ndege wa kale wa Katanga, asiyeruka, mwenye miguu mikubwa na mabawa madogo, ataitwa kwa jina lako. Wamama wakapiga vigelegele. Mama Béa, mke wako, akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mimi niliuliza swali moja: mifupa gani?

"Ile ya njia ya Kilwa," akasema.

Yaya, njia hiyo ya Kilwa yetu ya Katanga, si ya pwani, nilikuwepo. Gari lilikuwa limezama kwenye matope, nawe ukautumia muda huo kupanda ukingo wa korongo. Mfupa wa mguu uliutoa chini, kwenye changarawe. Kipande cha bawa ulikitoa juu kabisa, kwenye udongo mweupe, ukaniita kwa sauti nije nione. Ukanieleza kwamba kati ya matabaka hayo mawili kuna miaka mingi kuliko akili zetu zinavyoweza kubeba. Nikauliza, si ndege mmoja? Ukacheka. "Mifupa kulala kilima moja haiko ndoa, mudogo yangu."

Ukakataa kuipa jina, mpaka mwisho. Ulinieleza ugonjwa wa kazi yenu: mtu anaokota ncha ya mdomo, anaipa jina, mwingine anaokota kidole cha ndege yule yule, anakipa jina lingine, wa tatu anachanganya ndege wawili na kupata mmoja wa ajabu. Jina likishachapishwa halifutiki. Linafungwa kwenye mfupa mmoja, na kama mfupa huo umeharibika kiasi kwamba hauwezi kulinganishwa na wowote, jina linaning'inia, na wanaokuja nyuma wanamaliza maisha yao wakilizunguka. Kwenye sanduku uliandika "ndege", basi. Watu walidhani ni uvivu.

Sasa mwenzako amechukua mguu wa chini na bawa la juu, akaviunganisha. Bila shaka bawa ni dogo. Ni la ndege mdogo. Na jina lako amelifunga kwenye bawa hilo hilo, lililovunjika ncha zote mbili. Nilimfuata ofisini. Hakukana. "Mukubwa, ile iko honneur, heshima kwake. Tutarekebisha kisha." Makala yake imeshatumwa ng'ambo, haijachapishwa bado. Anataka gazeti ninaloliandikia litangulie, na picha ya ndege aliyechorwa na msanii wa mjini, macho makali kama jogoo aliyefukuzwa jikoni.

Mhariri wangu naye: "Weka tu vile. Batu banapenda habari ya kufurahisha."

Nilikwenda kwa Mama Béa kwanza, kwa sababu habari inayomgusa mtu hupelekwa kwake kabla ya kwenda kwa wengine. Alinisikiliza akikata matembele, hakuinua kichwa. "Ulibeba sanduku yake siku ya kumuzika. Sasa unataka kumuzika tena? Batoto balishaambia benzao ku masomo: baba yetu iko ndege. Ni wewe njo utaenda kubaambia hapana?" Nikamjibu ndiyo, ni mimi. Akanionyesha mlango kwa kisu.

Nina hasira, Yaya. Nina hasira na mtu aliyekaa na wewe chumba kimoja, akasubiri ufe ndipo akutumie kama gundi. Nina hasira na wewe pia. Ulijua nani atabaki na ufunguo wa kabati. Hukusema lolote mbele ya watu, ulisema kwangu tu, barabarani, na matope magotini.

Habari nimeiandika. Inaeleza mfupa upi ulitoka wapi, nani alikuwepo, na kwamba aliyeipata mifupa hiyo alikataa kuiunganisha. Haina tusi hata moja. Nakala nimewatumia wale wa ng'ambo wanaopima makala kabla ya kuichapa. Mhariri ameipitisha akinung'unika, inatoka Jumatatu. Huenda jina likasimamishwa, huenda nimechelewa.

Kwaheri, Yaya. Nakuahidi kitu kimoja. Jumatatu, kabla gazeti halijauzwa, nitakuwa mlangoni kwako. Mama Béa asipofungua, nitasimama nje mpaka watoto watoke kwenda masomoni. Wasikie kutoka kinywani mwangu, wanitazame usoni, na kama lazima wamchukie mtu, wanichukie mimi.