Jina Langu Chini ya Picha ya Mama

Mama Neema,

Huku Kisumu joto ni kali na nyumba imejaa ndugu. Nakununulia dagaa soko la Kibuye.

Akinyi, binti wa mdogo wangu, anachora kwa kompyuta picha ya kumbukumbu ya marehemu mama. Chini, juu ya matete ya ziwa, alikuwa ameandika majina ya watoto wa mama. Langu halikuwepo, hawakujua kama nitarudi. Programu yenyewe ni ya bure na fundi yeyote anaruhusiwa kuiboresha, lakini maandishi yakishawekwa pale huwa rangi tu ya picha, hayarekebishiki bila kufuta na kilicho chini yake.

"Mweke kwa kona, iko nafasi," mdogo wangu akasema.

"Baba, huyu ndiye kifungua mimba. Atakaaje kona?"

Akinyi akafuta majina yote, akachora matete upya, akaandika tena akianza na langu.

Kesho anawaandikia watengenezaji, waifanye programu iache maandishi yarekebishike. Nimemwambia ombi ni zuri, ila picha hii aiache ilivyo.

Wajukuu uwakumbatie kwa niaba yangu, nawe usilale bila shuka zito.

Baba Neema