Mkia wa Kenge, Miguu ya Kuku

Mjukuu wangu Rukia,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Sisi hapa Ndia Kuu hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza umjibu nini mwalimu kuhusu yule dinosaria mdogo anayefanana na ndege, ambaye wataalamu hawajaafikiana ni wa kundi gani.

Miaka ya arobaini nilikuwa karani mpya wa forodha, mwoga kupita kiasi. Siku moja lilifika sanduku la mifupa ya kale ya mnyama kama huyo, na fomu ilitaka jina lake. Niliogopa nikikosea nitaachishwa kazi. Hamali mmoja alichungulia sandukuni, akacheka.

"Andika babake kenge, mamake kuku."

Nikamwuliza mwenye sanduku, mtaalamu wa mifupa.

"Mwaka wa tatu huu naichunguza," akasema. "Sijui bado."

Nikaandika: "Bado hajajulikana." Mkubwa wangu alisoma mara mbili, akanitazama, kisha akapiga muhuri.

Nawe mjibu mwalimu hivyo hivyo, bila woga. Fomu zangu nyingi zilirudishwa nisahihishe. Ile haikurudi.

Babuyo akupendaye,
Athmani