Hukumu ya Mchezo Wako na Mzee Shabani

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nianze na kifua chako: kile kikohozi cha moshi wa mawese kimetulia, au bado unamficha mama? Na yeye mgongo wake unaendeleaje? Mimi huku Liège sijambo, ila baridi inaniuma masikio na chakula chao hakina pilipili. Bahasha aliyoituma shangazi kutoka Bujumbura imefika, ukurasa wako na wa mama ndani yake, na kurasa hizo mbili zinagombana.

Mama ameandika: "Risasi inasikika mpaka Kizuka, watu wanavuka ziwa kila siku, na baba yako iko anakaa tu mbele ya ubao wa sataranji. Umwambie, wewe anakusikiaka." Wewe umeandika: "Mchezo wangu na Shabani haujahukumiwa. Kama yeye ndiye iko juu, nitabeba ubao nimupelekee Kigoma. Kama ni mimi, mama yako aache kunisumbua."

Nilicheka, kisha nikaogopa, maana nakujua. Sheria ya baraza letu ni hiyo tangu amri ya kutotoka usiku ianze kutukatia michezo: wazee wanahukumu nani alikuwa amekaa vizuri, na aliyeshindwa anambebea mshindi ubao mpaka nyumbani kwake. Sasa wazee wametawanyika, mshindani wako amekimbilia ng'ambo mchezo ukiwa katikati, na hukumu umeniachia mimi na kompyuta zangu.

Kazi yangu mpya ndiyo hiyo hasa. Tunapima programu zinazocheza sataranji. Kwa kula kete za mwenzio zinatushinda sote. Tunachotaka kujua ni kama zinaelewa mchezo mtulivu, pale ambapo hakuna cha kula na unatakiwa kuona tu nani ana nafasi nzuri. Kila siku nashangaa. Kuna moja ikikosa la kufanya inasogeza ngome huku na huku, kama mgonjwa anayetafuta upande wa kulalia. Huwa najiuliza inaona nini mle ndani.

Basi nikachukua mchoro wa ubao wenu ambao dada Habiba aliutia kwenye bahasha, nikaupanga mchezo wenu, zamu ya Mzee Shabani. Programu ya kwanza haikusita: Baba yuko juu, ana askari mmoja zaidi. Nakwambia kweli, nilifikiria kukudanganya.

Lakini nilipoutazama kwa macho ya barazani, sikuridhika. Tembo wako, asiyetoka kwenye rangi yake moja, amefungiwa nyuma ya askari wako mwenyewe, hana pa kupita. Nikampa Joris, mwenzangu wa kazi, aiulize programu mpya. Nayo ikaanza kwa kukusifu wewe. Tukaiacha ifikiri, tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa imebadili mawazo: inataka farasi wa Mzee Shabani arudi nyuma.

Joris akasema, "Imeharibika hii. Anayeshambulia anarudi nyuma kufanya nini?"

Tukatoa ubao wa mbao, mimi nikashika upande wako. Nilicheza kwa ukaidi wako wote, Baba. Yule farasi akarudi, akazunguka, akaja kukaa katikati, kwenye mraba wa rangi ambayo tembo wako haikanyagi kamwe. Sikuwa na askari wa kumfukuza. Kila nilichogusa kilizidi kuniharibia. Tukabadilishana pande, Joris naye akashindwa vilevile.

Umeshindwa, Baba. Sijawahi kufurahia kushindwa kwa mtu namna hii.

Najua utasema mashine nimeilisha maneno. Basi mwambie mama ashike upande wa Mzee Shabani na amrudishe farasi nyuma kama nilivyoeleza. Wewe mtafutie farasi huyo askari wa kumfukuza. Ukimkosa, usianze habari ya michikichi nani ataitunza wala mlango nani ataulinda. Michikichi itakungoja. Mimi nikisikia redioni jina la Rumonge yetu, siku nzima sili, na hilo sikutaka kuliandika, lakini ndiyo hali yangu. Funga ubao kwenye kanga, mvuke mchana, mama atangulie kupanda boti.

Nisalimie bibi mzaa mama, umwambie meno yangu ni mazima. Msalimie Habiba mchoraji, hakukosea hata mraba mmoja. Msalimie na mjomba mwenye boti. Nimeshamwandikia awawekee nafasi nyote wanne, bibi na Habiba wakiwemo.

Salamu za Mzee Shabani sizitumi kwa posta. Utamfikishia wewe mwenyewe.

Mwanao anayewaombea,
Idi