Ng'ombe wa Kornelia

Kibosho, Moshi
Septemba 1991

Kaka Mughwai,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kupalilia kahawa. Mwaka huu sitakuja nyumbani kulima, na sababu ni hii.

Mama ninayemfanyia kibarua, Kornelia, mumewe alikufa vitani Uganda na mwili haukurudi. Jumapili ya kuwaombea askari, parokia ilimpa ng'ombe wa maziwa. Kesho yake shemeji yake Fabian akaja na panga.

"Huyu ng'ombe ni damu ya kaka yangu. Wewe umetokea wapi?"

"Nimetokea kitandani kwake," Kornelia akajibu, kamba ameishika.

Fabian akashusha panga. Vidole vitatu vya Kornelia vikaanguka kwenye samadi. Nilimpiga kwa mpini wa jembe mpaka taya likavunjika, na bado sijaridhika.

Juzi wazee wa ukoo walimleta, uso umefungwa kitambaa, na jani la isale mkononi. Mchagga akikuomba msamaha kwa isale hukatai, hata kama amekuulia mtoto. Kornelia akalipokea kwa mkono mzima, akamlisha ng'ombe. Likatafunwa lote mbele yao.

"Mwenye ng'ombe ni marehemu," akasema. "Nendeni mkamwombe yeye."

Wameondoka, lakini watarudi, tena si na majani. Kornelia hawezi kukamua. Namkamulia mimi, na usiku nalala zizini na panga.

Wasalimie wanangu. Mama yao mwambie tu kahawa ni nyingi.

Mdogo wako,
Ntandu